Mwezi wa Kumi na Nne, Small Heath

Bibi yangu akikuuliza "Leo mwezi ngapi?" usimjibu "Wa kumi na moja," kama nilivyomjibu mimi jioni moja ya Novemba tukiwa jikoni, mvua inapiga kioo. Alinitazama kwa huruma. Alichotaka kujua ni mwezi wa mbinguni umefika siku ya ngapi tangu uandame. Mimi nimezaliwa hatua chache kutoka Coventry Road, Kiswahili nimekipata kwake na katika darasa la klabu yetu, na swali kama hilo sikuwahi kuulizwa. Nikatoa simu nikatafuta. "Kumi na mbili, Bibi." Akasema, "Basi keshokutwa," akarudi kwenye maharage yake.

Keshokutwa hiyo klabu yetu ilikuwa imepanga usiku wa mbalamwezi katika bustani ya Small Heath, ile iliyotolewa kwa mji na Bi Louisa Ryland na kufunguliwa mwaka 1879. Mpango ulikuwa kuutazama mwezi kwa darubini ya kuazima, kila mtu asome shairi moja, kisha nyimbo na chai ya maziwa. Walifika watu tisa na wingu moja lililofunika Birmingham nzima. Tulisoma mashairi mawili chini ya taa ya barabarani, tukanywa chai, tukaenda zetu. Mwalimu mmoja alisema kwa utani kwamba anayetaka kufurahia mwezi katika mji huu aende maktaba. Mimi nikaenda kweli, na niliyoyakuta ndiyo haya.

Nilianza na jambo ambalo wengi wetu tulifundishwa shuleni tukalisahau. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 kulikuwa hapa na kikundi cha marafiki kilichoitwa Lunar Society, Chama cha Mwezi. Hakikuwa na katiba wala kumbukumbu za vikao, na katika hili klabu yetu imewazidi kidogo tu. Aliyewakaribisha zaidi ni Matthew Boulton, mwenye viwanda, ambaye nyumba yake, Soho House kule Handsworth, sasa ni jumba la makumbusho. Walikuwamo James Watt wa injini ya mvuke. Joseph Priestley, mhubiri aliyeitenga hewa ya oksijeni mwaka 1774. William Withering, daktari. Samuel Galton, ambaye mali ya ukoo wake ilitokana na bunduki. Josiah Wedgwood wa vyombo vya udongo, alipopata nafasi. Na Erasmus Darwin, daktari mnene wa Lichfield, babu yake Charles Darwin. Walikula saa nane mchana, wakazungumza na kufanya majaribio hadi saa mbili usiku au zaidi. Wao wenyewe walijiita, kwa mzaha, jina ambalo kwa Kiingereza husikika kama watu wa mwezi na pia kama wendawazimu.

Walikutana Jumapili iliyokuwa karibu zaidi na mwezi mpevu. Baadaye wakahamia Jumatatu kwa sababu Priestley, aliyefika Birmingham mwaka 1780, Jumapili alikuwa kazini. Mwezi waliufuata kwa sababu ya kawaida kabisa: barabara hazikuwa na taa. Kutoka Soho hadi Lichfield ni zaidi ya kilomita 20, na gari la farasi likiingia mtaroni usiku wa giza, daktari mnene na farasi wake wote wawili wanahitaji daktari.

Hapa niungame jambo. Hadi mwaka huu nilidhani Small Heath imepewa jina la William Small, mmoja wa waliokianzisha kikundi hicho, ambaye kabla ya kuja huku aliwahi kumfundisha Thomas Jefferson kule Virginia. Nilikuwa nimeshamwambia hivyo kila mtu. Jina la mtaa wetu ni la zamani kuliko yeye, nalo halina habari ya mtu yeyote; linataja tu uwanda mdogo wa nyasi na vichaka.

Kati ya mabwana hao, aliyeuimba mwezi ni Darwin. Katika shairi lake refu The Economy of Vegetation, lenye tarehe ya 1791, mwezi unang'oka katika mwili wa dunia na kwenda zake angani. Lilikuwa wazo la mshairi. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kitukuu wake, George Darwin, akalifanyia hesabu na kulileta kama nadharia. Leo wanasayansi wengi wanaona kwamba gimba kubwa kiasi cha sayari ya Mirihi liliigonga dunia ilipokuwa changa, na mwezi ukatokana na vilivyoruka. Kwa hiyo yule babu hakuwa mbali sana, kwa mtu aliyekuwa akiandika mashairi juu ya mimea.

Nilimsimulia Bibi habari hizi nikitegemea ashangae kwamba wasomi wakubwa wa Kiingereza walipanga vikao vyao kwa mwezi. "Sasa wangerudi vipi makwao?" akaniuliza.

Bibi amekulia Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kabla umeme haujafika kijijini. Huko, anasema, kila jambo lililohitaji watu wengi lilisubiri mwezi: ngoma, arusi, kisomo cha maulidi, hata kwenda kuwaona jamaa wa Paje kwa miguu. Safari hiyo ya Paje ndiyo iliyonifundisha sayansi ambayo sikuielewa darasani. Mwezi ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa karibu mstari mmoja, na maji ya bahari huvutwa kwa nguvu kuliko siku nyingine. Ndiyo bamvua. Unguja, siku za bamvua, maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi na tena karibu saa nne usiku. Kwa hiyo usiku uleule wenye mwanga mwingi ndio usiku ambao bahari imekwenda mbali na kuacha njia pana, ngumu na nyeupe. "Barabara ya mchanga," Bibi anaiita. Taa ipo juu, barabara ipo chini, na vyote viwili vinaletwa na mwezi mmoja.

Kalenda hiyo haijafa. Kilimo cha mwani kilipoanza upande huo wa Unguja mwaka 1989, wanawake walikipanga kwa bamvua, kwa sababu ndipo vigingi na kamba hufikika kwa miguu. Siku za maji mafu hukaa nyumbani au kufanya kazi nyingine. Wavuvi wa dagaa nao hupata likizo yao kwa mwezi, ila kwa sababu iliyo kinyume. Wao huvua kwa taa, zamani karabai, sasa taa za betri, na dagaa hukusanyika penye mwanga giza likiwa zito. Mbalamwezi ikitapakaa baharini kote, taa ya mvuvi haina tena cha kuwaonyesha dagaa. Basi vyombo huvutwa pwani, nyavu zikashonwa, na vijana wakaonekana mabarazani. Bibi anasema arusi nyingi ziliangukia siku hizo, na haikuwa bahati tu.

Watoto walikuwa na mchanga. Mchanga wa Jambiani ni mweupe kama unga, na usiku wa kumi na nne mtu anaonekana kutoka mbali. Walicheza ukuti, walijificha nyuma ya ngalawa, walitegana vitendawili hadi mama zao wakaita. Bibi aliniimbia wimbo mmoja wa kuuita mwezi, kisha akanikataza kuuandika. Anasema ni wimbo wa kuimbwa mkizunguka, ukiukalisha kwenye karatasi unakufa. Nimetii, ingawa mhariri alinisihi.

Nambari yenyewe, kumi na nne, ina uzito katika lugha yetu. Kumwambia mtu uso wake ni mwezi wa kumi na nne ni kumsifu hadi mwisho, na watunzi wa taarabu wameitumia sifa hiyo hadi ikaota usugu. Mtoto huitwa Badru au Badriya, majina ya Kiarabu yenye maana ya mwezi mpevu. Ile kasida ya kumpokea Mtume Madina, ambayo watoto wa madrasa za Small Heath wanaijua sawa na watoto wa Lamu, inamfananisha Mtume na mwezi mpevu uliochomoza. Hata hivyo hapa mtaani tunauzungumzia mwezi mara mbili tu kwa mwaka, na zote mbili ukiwa mwembamba kama ukucha: umeandama, haujaandama, tunafuata nchi gani, tunasali lini. Maelfu ya watu husali Idi katika bustani ileile tuliyonyweshewa. Wiki mbili baadaye mwezi huohuo unapita juu ya bustani hiyo umejaa tele, na hakuna anayeinua kichwa.

Sasa nirudi kwa Priestley, kwa sababu ni jirani yetu. Kutoka bustanini hadi mahali ilipokuwa nyumba yake, Fair Hill, ni kama nusu saa kwa miguu, ukivuka njia ya reli kuelekea Sparkbrook. Nilikwenda mchana. Kuna barabara yenye jina lake, nyumba za matofali, na magari yameegeshwa pande zote mbili.

Priestley hakuwa wa Kanisa la Kiingereza. Alikuwa mhubiri wa Wakristo waliojitenga nalo, na alishangilia waziwazi mapinduzi ya Ufaransa. Tarehe 14 Julai 1791 baadhi ya watu wa Birmingham walikula chakula hotelini kuadhimisha miaka miwili tangu kuangushwa kwa gereza la Bastille. Yeye hakwenda. Umati ukakusanyika ukilitaja Kanisa na Mfalme, ukachoma nyumba ya ibada aliyokuwa akihubiria, kisha ukashika njia ya Fair Hill. Familia ilitoroka kabla haujafika, ikasimama mahali palipoinuka, si mbali.

Yaliyofuata ameyaandika mwenyewe. Anasema usiku ulikuwa shwari na mbalamwezi safi, nao walisikia kila kelele na karibu kila pigo la vyuma vilivyokuwa vikivunja milango na samani. Mwanawe, aliyebaki nyuma, alikuwa amezima moto wote nyumbani, hivyo wavamizi walikosa cha kuwashia. Mtu mmoja akaahidi gini mbili kwa atakayeleta mshumaa unaowaka.

Nilipiga hesabu ya mwezi wa usiku ule. Ulikuwa Mfungo Pili, mwaka 1205 Hijria, umeshapita kumi, na umebakiza kama siku moja au mbili kukamilika. Kwa maneno mengine, ulikuwa katika siku zilezile ambazo marafiki wa Priestley wangekuwa wakitandika farasi ili waende kula pamoja. Wale waliokuja kumvunjia walifika kwa taa yake. Hawakuwa na hata mshumaa, lakini walikuwa na mwanga wa kutosha kuuona mlango, kabati la vitabu na vyupa vya maabara. Moto ulipatikana baadaye. Vitabu, vifaa na maandishi ya miaka mingi viliangamia, na ghasia ziliendelea hadi tarehe 17, zikiteketeza nyumba nyingine kadhaa. Priestley alikimbilia London, mwaka 1794 akahamia Marekani, akafia huko mwaka 1804. Birmingham hakurudi.

Katika vitabu nilivyosoma, mbalamwezi hiyo hupita kama pambo la hadithi. Mimi naona ndiyo kiini chake. Tukizoea kuandika mashairi ya mwezi, tunausifu kama vile uko upande wetu.

Vikao havikukoma mara moja, ila raha yake ilipungua, na wazee wakaanza kuondoka mmoja mmoja: Darwin mwaka 1802, Boulton mwaka 1809. Na hapa historia ilinichekesha kidogo. William Murdoch, fundi wa kampuni ya Boulton na Watt, alikuwa amefanikiwa kuwasha taa kwa gesi ya makaa. Mwaka 1802, mkataba wa amani na Ufaransa ulipotiwa saini kule Amiens, kiwanda cha Soho kikapambwa kwa taa hizo watu wakaja kushangaa. Chama cha Mwezi kilikuwa kimelea, katika viwanda vyake chenyewe, kitu kitakachoufukuza mwezi kazini. Mwaka 1813 vitabu vya kikundi vilichezewa bahati nasibu, Samuel Galton akavishinda, na hapo chama kikaisha. Mji ulipopata taa, mtu aliweza kuwatembelea rafiki zake siku yoyote ya mwezi aliyotaka.

Mwezi ulirudishwa kazini mara moja, kwa nguvu. Coventry Road, ambako mama hunituma kununua mihogo na mbaazi, inaelekea Coventry kwelikweli. Wakati wa vita vya pili vya dunia taa za miji ya Uingereza zilizimwa kwa amri ili ndege za Wajerumani zisione pa kupiga. Dawa ya giza hilo ilikuwa mwezi mpevu. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 mwezi ulikuwa umejaa, na ndege zikaishambulia Coventry usiku kucha. Watu zaidi ya 500 walikufa. Shambulio lile Wajerumani walilipa jina la siri: sonata ya mbalamwezi, jina la muziki wa Beethoven. Siku tano baadaye zamu ikawa ya Birmingham. Kiwanda cha bunduki cha BSA, kilichokuwapo Armoury Road hapa Small Heath tangu miaka ya 1860, kilipigwa bomu usiku wa tarehe 19, wakafa wafanyakazi 53. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kiingereza, anasema mama yake hakupata kuupenda mwezi mpevu hadi alipokufa. Ukichomoza alikuwa akifunga mapazia.

Nilipomweleza Bibi habari hiyo alinyamaza. Kisha akasema nimpigie simu mama mdogo.

Mama mdogo anaishi Unguja mjini, Kikwajuni. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima cha Unguja kilikosa umeme wa bara, miezi mitatu, na ilikuwa mara ya pili baada ya kukatika kwingine kwa wiki kadhaa mwaka 2008. Asikudanganye mtu kwamba ilikuwa raha, aliniambia. Pampu za maji zilisimama, alikuwa akiuza samaki wa barafu na biashara ikafa, moshi wa jenereta ukajaa vichochoroni, na aliyekuwa hana jenereta alilala na joto la Kaskazi. Nilimwuliza kuhusu mwezi. Kwanza alicheka, akaniuliza Chuo Kikuu tunafundishwa nini. Halafu akakumbuka.

Mwezi mpevu wa kwanza wa giza lile uliangukia usiku wa mwisho wa mwaka, tarehe 31 Disemba 2009. Watu walitoa mikeka nje kwa sababu ndani hakukuwa na upepo. Mjukuu na bibi yake, anasema, waliona kivuli cha mnazi kimelala barabarani, na mtoto, aliyekuwa na miaka sita au saba, akauliza ni taa gani hiyo. Alikuwa hajawahi kuona kivuli cha mwezi. Karibu na saa nne usiku ukingo wa mwezi ukaanza kuliwa. Kupatwa kulikuwa kudogo, kama mtu aliyeonja kipande cha mkate akakirudisha. Baadhi ya waliokuwa mikekani waliinuka kwenda kusali, wengine walibaki, na mzee mmoja akaanza kasida, wakamwitikia hadi mwezi ulipokuwa mzima tena. Mama mdogo amesikia kasida hiyo mara mia katika maulidi yenye vipaza sauti. Anasema siku ile ndiyo aliyosikia maneno yake.

Januari tulijaribu tena. Nilikuwa nimejifunza kwamba majira ya baridi ndiyo yetu: mwezi mpevu wa Juni hapa Birmingham hutambaa chini karibu na mapaa, lakini wa Disemba na Januari hupanda juu sana, karibu kama wa nyumbani. Safari hii Bibi alikuja, amevaa makoti mawili na kanga juu yake. Tulikuwa kumi na wanne, jambo ambalo hatukulipanga. Mbingu ilikuwa safi, baridi inauma masikio, na mwezi ulikuwa tayari umesimama juu ya miti upande wa pili wa ziwa la bustani. Katika darubini tuliona mashimo na zile nchi za giza zinazoitwa bahari. Kuna shimo moja kusini mashariki linaloitwa Watt, kwa heshima ya James Watt, lakini sikuweza kuapa kwamba nilichowaonyesha wenzangu ndilo.

Kisha tukazima simu zote ili tusome mashairi kwa mwanga wa mwezi mtupu. Haikuwezekana. Jua linauzidi mwezi mpevu kwa mwanga kama mara 400,000. Karatasi unaiona, mistari unaiona, maneno hayasomeki. Wa kwanza alikwama ubeti wa pili, wa pili hakuanza kabisa. Walioendelea ni wale wachache waliokuwa wamehifadhi, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye darasani hafungui mdomo. Alitoa beti kumi na moja bila kusita. Sasa naelewa kwa nini wote waliomsimulia Bibi mashairi Jambiani walikuwa wakiyajua kwa moyo.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akampa chai ya kwanza. Halafu akautazama mwezi kwa muda, akaitazama mbingu ya magharibi ambayo ilikuwa bado haijaiva giza, akaniita.

"Mlinileta leo kwa nini?"

"Mwezi mpevu, Bibi. Kumi na nne."

"Kumi na nne hautoki mapema hivi. Tumefika hapa jua halijazama, nao umeshapita miti. Huu ni kumi na tatu." Akajifunga kanga vizuri. "Njooni kesho."

Wengine walisema kesho wana kazi, wengine wana semina ya jioni. Yule wa mwaka wa kwanza alimwuliza saa ngapi.